Kipupwe na Utalii wa Ndani: Je, Safari ya Mtanzania Itafika Biharamulo na Ngara?

Na Mwandishi Wetu

Msimu wa kipupwe umeingia. Katika mgawanyo wa misimu unaotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), huo ni muda wa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati mvua za masika zimekwisha katika maeneo mengi ya nchi, upepo wa kusi unavuma Pwani na baridi inashuka katika nyanda za juu. Ni wakati ambao shule huwa na likizo ya katikati ya mwaka, mazao yameingia ghalani na watumishi wengi huomba likizo zao. Kwa hiyo ndio muda ambao familia nyingi za Kitanzania zina nafasi ya kusafiri, na swali la waende wapi lina uzito kwao na kwa uchumi wa mikoa watakayoichagua.

Takwimu za Wizara ya Maliasili na Utalii zinaonesha kuwa Watanzania wameanza kulijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2021, nchi ilipokuwa ikitoka katika athari za janga la UVIKO-19, watalii wa ndani walikuwa 788,933. Mwaka 2024 idadi hiyo ilifikia 3,218,352, ikiwa ni zaidi ya mara nne, huku watalii wa kimataifa wakiwa 2,141,895. Kwa maneno mengine, katika kila watalii watano waliohesabiwa nchini mwaka huo, watatu walikuwa Watanzania. Hamasa iliyotokana na filamu ya "The Royal Tour", iliyozinduliwa Aprili 2022 na kuongozwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, haikuishia nje ya mipaka. Iliwafikia pia wananchi.

Hata hivyo, jumla ya nchi nzima haielezi mgawanyo wake. Mkazi wa Nyamigogo, katika eneo la Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, anayo haki ya kuuliza ni wangapi kati ya wasafiri hao milioni tatu na ushei walilala katika nyumba za wageni za Biharamulo, wakala katika migahawa ya Ngara, au wakanunua asali ya wafugaji nyuki wa misitu hiyo. Makala haya yanachambua swali hilo: kipupwe kinatoa fursa gani kwa msafiri wa ndani katika nchi yenye kanda zisizofanana, na kwa nini ukanda wa magharibi ya Ziwa Victoria, wenye vivutio vingi, bado haujapata nafasi yake katika mipango ya likizo ya familia za Kitanzania.

Nchi moja, kipupwe cha aina nyingi

Jambo la kwanza ambalo mpangaji wa likizo anapaswa kulizingatia ni kwamba Tanzania haina kipupwe kimoja. Katika miezi hii, mkazi wa Makete au Njombe huamka akakuta sakitu juu ya majani, na joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10 katika sehemu kadhaa za Nyanda za Juu Kusini. Lushoto, kingo za Ngorongoro na miteremko ya Kilimanjaro huhitaji sweta na koti zito. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hubaki na joto la wastani, lakini kusi huweza kuchafua bahari, na msafiri wa boti ndogo hana budi kusikiliza tahadhari za TMA kabla ya kuondoka bandarini.

Tofauti hizo huamua pia kile ambacho msafiri atakiona. Mfano mzuri ni Hifadhi ya Taifa Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Maua hayo hustawi zaidi wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayekwenda Kitulo mwezi Julai kwa kuvutiwa na picha za maua atakutana na mandhari nzuri na baridi kali, lakini si zulia la maua alilolitarajia. Vivyo hivyo, papa potwe wa Mafia huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Kwa upande mwingine, nyumbu wa Serengeti katika miezi ya Juni hadi Agosti huwa wanaelekea magharibi na kaskazini mwa hifadhi, na huko Katavi viboko hujazana katika mabwawa machache yaliyobaki na maji. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, nao hupandwa kwa urahisi zaidi katika kipindi hiki cha ukavu.

Kanuni inayojitokeza ni nyepesi. Kinachotegemea mvua, kama maua, maporomoko madogo na uoto wa kijani, si cha kufuatwa wakati wa kipupwe. Kinachotegemea ukavu, kama wanyama wanaokusanyika kwenye maji, barabara za udongo zinazopitika na kupanda milima, hapa ndipo mahali pake. Kwa kipimo hicho, Biharamulo na Ngara zinaingia upande wa pili. Mkoa wa Kagera hupata mvua katika vipindi viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Katikati yake kuna miezi michache mikavu, ambayo ndiyo hii. Mchana huwa na jua lisilochoma, usiku ukawa wa baridi ya kujifunika blanketi, na njia za ndani ya hifadhi ambazo masika huzigeuza kuwa tope huweza kupitika.

Ukavu huo una gharama zake. Vumbi huwa jingi, na uchomaji wa nyasi hufunika vilima kwa moshi. Anayetarajia kula senene wabichi atakuwa amekosea msimu, kwa kuwa msimu wao mkubwa ni mwishoni mwa mwaka, wakati wa mvua. Kuyafahamu haya mapema humwepusha msafiri na manung'uniko ya njiani.

Vivutio vilivyopo magharibi ya Ziwa

Kiini cha utalii wa eneo hili ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ikazinduliwa Julai 9 mwaka huo na aliyekuwa Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, ikiizidi kidogo Hifadhi ya Taifa Katavi yenye kilomita za mraba 4,471, na inagusa wilaya za Biharamulo, Ngara, Karagwe, Muleba na Chato. Ndani yake lipo Ziwa Burigi, na katika mbuga na misitu yake wapo tembo, nyati, twiga, pundamilia, viboko na aina nyingi za ndege. Mwaka huohuo wa 2019, mapori ya Ibanda na Rumanyika nayo yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hivyo ndani ya mwaka mmoja ukanda huu ulipata hifadhi tatu mpya.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya jina tu. Pori la akiba huruhusu uwindaji wa kitalii kwa vibali, shughuli ambayo humwingiza mgeni mmoja mwenye fedha nyingi na kumwacha mwananchi wa kawaida nje. Hifadhi ya Taifa hairuhusu uwindaji. Humkaribisha yeyote mwenye kiingilio kuja kutazama. Kwa Biharamulo na Ngara, kupandishwa hadhi kwa mapori kulikuwa na maana kwamba biashara ya wageni wachache wa kigeni iliachwa kwa matumaini ya kupata wageni wengi, wakiwemo Watanzania. Matumaini hayo yatatimia tu iwapo wageni hao watakuja.

Jirani na hapo, katika Ziwa Victoria, ipo Hifadhi ya Taifa Rubondo iliyoanzishwa mwaka 1977. Ni kisiwa chenye historia ya pekee barani Afrika. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliokuwa wamefugwa katika bustani za wanyama za Ulaya waliletwa na kuachiwa huru msituni humo, na kizazi chao kinaishi hadi leo bila kulishwa na binadamu. Kisiwani pia wapo nzohe, swala anayependa maeneo ya majimaji.

Upande wa Ngara, mito Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na Rusumo, na maji yake kuendelea kama Mto Kagera, ambao ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji katika Ziwa Victoria na ni miongoni mwa vyanzo vya mbali zaidi vya Mto Nile. Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, leo yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa usawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mji wa Biharamulo nao una boma la zama za ukoloni wa Kijerumani ambalo bado limesimama. Mwanafunzi anayesoma historia na jiografia kwa vitabu anaweza kuyaona mambo haya yote kwa safari moja ya siku nne au tano.

Kwa nini wageni walichelewa

Ni vyema kueleza bila kificho kwamba eneo hili lilibeba kwa muda mrefu sifa iliyowatisha wasafiri. Mwishoni mwa Aprili 1994, kufuatia mauaji ya kimbari nchini Rwanda, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa, kwa kitambo, miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Wananchi wa Ngara waliwapokea wageni hao wakati wao wenyewe hawakuwa na ziada. Misitu ilikatwa kwa kuni, wanyamapori waliwindwa, na silaha ndogo zikazagaa. Kwa miaka kadhaa baadaye, magari yaliyopita katika misitu ya Biharamulo na Ngara yalilazimika kusindikizwa na askari kwa kuhofia majambazi wa kuteka magari.

Hali hiyo imebadilika. Barabara kuu ya Ushoroba wa Kati inayopita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo leo hutumiwa na malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Mashariki ya Kongo, na daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa rasmi Aprili 6, 2016. Lakini sifa ya mahali huchelewa kubadilika kuliko mahali penyewe, na bado wapo wanaolitaja eneo hili kwa habari za miaka ya tisini.

Changamoto ya karibuni zaidi ilikuwa ya afya. Januari 20, 2025, Mhe. Rais Samia alitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo. Wataalamu wa afya walifuatilia waliokutana na wagonjwa, maabara tembezi ilitumika, na Machi 13, 2025 Serikali ilitangaza kuwa mlipuko umekwisha, baada ya kupita siku 42 zinazotakiwa kitaalamu bila mgonjwa mpya. Kagera ilikuwa imepitia mlipuko kama huo mwaka 2023, nao ulidhibitiwa.

Msafiri achukue funzo gani? Tangazo la kwisha kwa mlipuko lina uzito sawa na tangazo la kuanza kwake, na linapaswa kusambazwa kwa nguvu ileile. Aliyesikia la Januari pasipo kusikia la Machi ataiepuka Biharamulo bila sababu. Wakati huohuo, tahadhari ya kudumu inabaki. Popo wala matunda wanajulikana kuwa wabebaji wa virusi vya Marburg, kwa hiyo mtalii asiingie katika mapango au mashimo ya machimbo yenye popo, na asiguse wala kula nyama ya mnyama wa porini aliyeokotwa amekufa. Malaria nayo ipo katika ukanda huu wa Ziwa hata wakati wa baridi, hivyo chandarua ni sehemu ya mzigo wa safari.

Njia imefupika, bado kipande cha mwisho

Kwa upande wa miundombinu, mwaka 2025 ulileta tofauti kubwa. Juni 19, 2025, Mhe. Rais alizindua Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi) lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na hatimaye Chato au Biharamulo alikuwa akisubiri kivuko, na kusubiri huko kuliweza kuharibu ratiba ya siku nzima. Sasa anavuka kwa dakika chache. Kwa Mwanza, jiji lenye wakazi wengi walio tayari kusafiri mwisho wa wiki, Burigi-Chato na Rubondo zimekuwa jirani kwa namna ambayo hazikuwahi kuwa.

Kwa anayetoka mbali zaidi, treni ya kisasa ya umeme (SGR) iliyoanza kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 humpunguzia sehemu ya kwanza ya uchovu, ingawa kutoka Dodoma hadi Biharamulo bado ni safari ndefu ya barabara kupitia Singida, Nzega na Kahama. Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, abiria wa masafa hayo ana uhuru zaidi wa kuchagua muda. Wapo pia wanaokwenda kwa ndege hadi Mwanza au Bukoba, na wanaopanda MV Victoria kutoka Mwanza hadi Kemondo na Bukoba, safari ambayo yenyewe ni sehemu ya starehe.

Hata hivyo, uchambuzi wa kweli hauwezi kuishia kwenye barabara kuu. Kikwazo kikubwa cha mtalii wa ndani kipo katika kipande cha mwisho, kutoka stendi ya basi hadi ndani ya hifadhi. Mikumi imenufaika na treni kwa sababu abiria anayeteremka Morogoro, takribani saa mbili tangu aondoke Dar es Salaam, hukuta magari ya watalii yanayomsubiri. Anayeteremka Biharamulo mara nyingi hukuta bodaboda. Bodaboda haiingii katika mbuga yenye nyati na tembo.

Hapa ndipo hesabu ya familia huharibika. Kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni kutoka nje, na watoto walio chini ya umri wa miaka mitano hawalipi. Kwa hiyo si kiingilio kinachomzuia Mtanzania. Kinachomzuia ni gari. Tuchukue mfano wa hesabu tu: gari linalokodishwa kwa shilingi 300,000 kwa siku, likibeba watu watatu, kila mmoja atalipa shilingi 100,000, likibeba watu kumi, ni shilingi 30,000. Tofauti hiyo ya shilingi 70,000 kwa kila mtu ndiyo inayoamua kama mwalimu wa shule ya msingi ataona tembo au atabaki nyumbani. Punguzo la kiingilio haliwezi kuziba pengo hilo, ila kukusanyika kunaweza.

Somo kutoka ng'ambo ya mto

Anayedhani kwamba mazingira yaliyoathiriwa na matukio ya mwaka 1994 hayawezi kurejea, atazame ng'ambo ya Mto Kagera. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipoteza zaidi ya nusu ya eneo lake baada ya vita, pale ardhi ilipogawiwa wakimbizi waliokuwa wakirejea. Simba waliangamia kabisa. Kuanzia mwaka 2010 hifadhi hiyo iliwekwa chini ya uendeshaji wa ubia, na mwaka 2015 simba wakarejeshwa, wakafuatiwa na faru weusi mwaka 2017. Leo ni kivutio kinachotembelewa na Wanyarwanda wenyewe kwa wingi.

Tofauti za kiutawala na ukubwa zipo, na si kila kilichofaa huko kitafaa hapa. Lakini jambo moja linahamishika: hifadhi ile ina programu za ziara kwa shule na kwa jamii zinazoizunguka, na mtoto anayekaa karibu nayo anaweza kufika akiwa na darasa lake. Burigi-Chato imezungukwa na wilaya tano zenye mamia ya shule. Wanafunzi wa Nyamigogo wanaweza kukua wakiujua msitu kwa sura moja tu, ile ya mahali palipokatazwa kuchunga, kulima na kukata kuni. Aliyekatazwa bila kuonyeshwa hawezi kuwa mlinzi mzuri. Basi moja la shule wakati wa kipupwe, likiwa na mhifadhi anayeeleza kwa nini mpaka umewekwa mahali ulipowekwa, linaweza kufanya kazi ambayo doria nyingi hazijaifanya.

Mwananchi apange vipi

Kwa familia, kikundi cha kuweka na kukopa au ofisi inayofikiria safari ya ukanda huu kabla Agosti haijaisha, hatua zifuatazo zitasaidia.

Kwanza, ufuatiliwe utabiri wa TMA wa msimu na wa siku kumi, kwa mahali pa kuondokea na mahali pa kufikia pia. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Ngara anahitaji nguo za baridi ambazo kwake huenda hazimo kabatini.

Pili, safari ipangwe kwa vikundi. Watu kumi hadi kumi na watano wanaochanga kwa miezi mitatu hubeba gharama ya gari kwa wepesi kuliko familia moja. Mawasiliano yafanywe mapema na ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) za hifadhi husika, ili kujua hali ya barabara za ndani, magari yaliyopo na malazi. Kwa Rubondo, boti ipangwe kabla, kwa kuwa kisiwani hakuna njia nyingine ya kufika isipokuwa majini au kwa ndege ndogo.

Tatu, malipo yote ya kiingilio yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na tiketi za mabasi zikatwe kwa mfumo wa tiketi mtandao unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Anayedai fedha mkononi bila risiti hastahili kulipwa, hata akiwa amevaa kitambulisho.

Nne, vazi lizingatiwe. Katika misitu ya Biharamulo na Burigi wapo mbung'o, na wadudu hao huvutiwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Nguo za rangi ya kaki au kijivu zenye mikono mirefu humkinga mtu dhidi ya mbung'o na dhidi ya baridi ya asubuhi.

Tano, anayetaka kuvuka Rusumo au Kabanga kwenda Rwanda au Burundi ahakikishe ana hati halali ya kusafiria na athibitishe masharti katika ofisi ya Uhamiaji kabla ya safari. Kufika mpakani ndipo ukaulize ni kupoteza nauli.

Mpango huu si wa wanaokuja tu. Mkazi wa Nyamigogo naye ni Mtanzania mwenye likizo. Kwake Pwani ni mbali na Kilimanjaro ni mbali, lakini Ziwa Burigi, Rubondo na Rusumo zipo ndani ya mkoa wake au mkoa jirani, na barabara ya Nyakanazi kuelekea Kakonko, Kibondo na Kasulu humfungulia njia ya Kigoma, kwenye sokwe wa Gombe na Mahale. Likizo haihitaji kupimwa kwa umbali.

Wajibu wa wenyeji na halmashauri

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona iwapo amejiandaa kumpokea mgeni. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na halmashauri za wilaya za Biharamulo na Ngara zinao uwezo wa kuamua mambo kadhaa yasiyohitaji kusubiri mradi mkubwa: vibao vya kuelekeza vivutio katika makutano ya Nyakanazi na Lusahunga, ambako magari mengi hupita bila dereva kujua kuwa yupo jirani na hifadhi ya Taifa, orodha ya nyumba za wageni na bei zake katika tovuti za halmashauri, na makubaliano na wamiliki wa magari yanayofaa kuingia hifadhini ili yapatikane kwa bei inayojulikana siku za Jumamosi na Jumapili.

Vijana wa maeneo haya wanahitaji kuandaliwa kuwa waongoza watalii wanaoweza kueleza, kwa Kiswahili fasaha, habari za Wasubi wa Biharamulo, Washubi na Wahangaza wa Ngara, za mito, za wakimbizi wa mwaka 1994 na za misitu iliyorejea. Mtalii wa ndani hahitaji mkalimani. Anahitaji mtu anayeijua habari. Kila usiku mmoja anaolala wilayani huacha fedha kwa mwenye nyumba ya wageni, mama lishe, muuza ndizi na dereva, na huacha ushuru katika mfuko wa halmashauri unaojenga zahanati na madarasa.

Serikali imeweka daraja, imepandisha hadhi mapori, imerejesha usalama wa barabara na imedhibiti mlipuko wa ugonjwa. Hayo ni masharti ya lazima, lakini hayatoshi peke yake. Idadi ya watalii wa ndani milioni 3.2 itakuwa na maana kamili kwa Taifa pale itakapoonekana pia katika vitabu vya wageni vya Biharamulo na Ngara. Miezi ya ukavu ni michache, na mwezi Septemba mvua za vuli zitaanza kurejea Kagera. Mwananchi anayetaka kuiona Burigi ikiwa kavu, wanyama wakiwa ukingoni mwa maji na barabara ikiwa inapitika, muda wake ndio huu.